Mkeka wa jeli wa kumpoza mbwa: unafaa, ila si juani
Hauhitaji umeme wala friji: mbwa akiulalia, jeli iliyo ndani hunyonya joto la mwili wake. Kasoro ni kwamba jeli nayo hushiba joto. Ukiugusa ukaona vuguvugu, mwondoe mbwa kama dakika 20 upoe. Utandike kivulini juu ya vigae au saruji. Juu ya godoro joto halina pa kutokea. Kwa jua la Dar la Januari, ukiuacha uani unageuka kikaango. Chukua saizi inayomtosha akilala ubavu. Ana tabia ya kutafuna? Usinunue, atautoboa na kulamba jeli. Akihema kwa nguvu huku akipepesuka, achana na mkeka: mloweshe maji, washa feni, mkimbize kwa daktari wa mifugo.