Karela za mama wa Kyela pale Mwanjelwa: mboga safi na mtu mkweli

Wadau wa Mbeya, kama unatafuta karela mbichi, ile mboga chungu yenye vinundu, siyo unga wala vidonge, nenda kwa mama mmoja wa Kyela ana kibanda cha chakula pembeni ya soko la Mwanjelwa, ukiulizia "mama wa karela" utaelekezwa. Anapika mchana na pale pale mezani anauza karela mbichi kwa mafungu. Mama yangu mzazi ana sukari na hii mboga anaipenda kuliko mchicha, kwahiyo mimi hapo ni mteja wa kudumu, nakula na nabeba za nyumbani.

Nianze na mzigo. Karela inataka joto, kwa baridi yetu ya huku mjini haifanyi vizuri, ndo maana zake zinatoka Kyela kule chini karibu na Ziwa Nyasa, zinapanda na magari kupitia Tukuyu. Zikifika asubuhi unaona kabisa zimechumwa jana yake, kijani kibichi, ngumu mkononi, vile vinundu vimebana na kikonyo bado kina unyevu. Iliyoanza unjano haiweki kwenye fungu hata kama soko ni gumu. Kuna siku alinipasulia moja ya hivyo nione, ndani imegeuka rangi ya chungwa, mbegu zimevaa nyama nyekundu, nyama ya nje imelegea inateleza, akaniambia "hii mwanangu ukiipika inakuwa uji, mimi hizi naziacha kwa mbegu". Fungu ni buku, unapata nne za wastani, na akiona ndo unaanza kuipika anakuchagulia ndogo ndogo zenye mbegu laini. Hapo simpi lawama hata moja.

Sasa chakula. Yani ukitaka kujua karela ikoje usianze na juisi, anza na sahani yake. Anapasua kwa urefu, anakwangua mbegu na ule utando mweupe kwa kijiko, anakata vipande vyembamba vya nusu duara, anapaka chumvi na kuacha kwenye chujio mpaka maji ya kijani yanaanza kudondoka, halafu anakamua kwa mkono na kusuuza. Vitunguu anakaanga mpaka viwe kahawia, kitunguu swaumu, nyanya kidogo tu, karela inaingia moto ukiwa mkali ili isichemke, na mwisho kabisa anatupia usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, aliokwisha kaanga pembeni, kwahiyo unakula bado wanalia mdomoni. Juu ndimu. Na wali wa mchele wa Kyela ambao ile harufu yake peke yake inakushibisha nusu. Uchungu upo jamani, hauondoki wote, unakuja mwishoni ukishameza, na ule mkaango wa vitunguu na usipa ndo unaubeba. Nilimuuliza kwanini asichemshe kwanza amwage maji kama wengi wanavyofanya, akajibu "ukimwaga yale maji umemwaga mboga", na yuko sahihi, karela ina vitamini C nyingi tu na hiyo inatoka na maji na kuharibika kwa moto wa muda mrefu. Sahani elfu tatu, na kwa usipa ule siyo ghali.

Ukimuomba anakukaangia na mayai pia. Hii nilimpa mimi wazo, kwasababu Wajapani wa kule Okinawa ndo wanavyoila, wanakaanga na mayai, tofu na nyama ya nguruwe, ni chakula chao cha kila siku. Wahindi nao wanakwangua ngozi, wanajaza viungo ndani, wanafunga na uzi na kukaanga nzima nzima. Sisi watu wa kitimoto huku Mbeya sijui tunasubiri nini, karela na kitimoto kavu ni kitu ambacho kingetoka vizuri sana.

Kilichonifanya niandike hasa ni upande wa dawa. Pale mezani nusu ya wanaokuja hawaulizi mboga, wanaulizia dawa ya sukari. Na huyu mama, ambaye angeweza kuwauzia chochote, swali lake la kwanza ni "mgonjwa anatumia vidonge gani?" Nikiwa nimekaa pale alikuja kaka mmoja anataka akamuliwe lita nzima ya juisi ampelekee mzazi wake aachane na dawa za kliniki, mama akamkatalia. Akamwambia "baba, mimi nauza mboga, mpikie mzee ale na wali kidogo, vidonge vyake asiache, na kliniki aende". Yule kaka akanuna lakini akaondoka na fungu.

Mimi hilo nimelipenda mno kwasababu kuna duka jingine mjini, silitaji, nilionyeshwa kopo la unga wa karela elfu thelathini, halina tarehe ya kutengenezwa, halina kipimo cha kutumia, na muuzaji ananiambia kwa kujiamini kabisa sukari itapona. Sikununua na sishauri mtu anunue. Ukweli ni kwamba karela ina vitu ndani yake vinavyoshusha sukari, kwa wanyama wa maabara vimeonekana kufanya kazi, na India, China mpaka visiwa vya Karibiani watu wameitumia kwa hilo tangu zamani. Ila kwa binadamu majaribio ni machache na madogo na majibu yanapingana, Cochrane, watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, walipoyapitia mwaka 2012 walisema ushahidi hautoshi kuipendekeza kwa sukari. Na hatari ya pili watu hawaisemi: kama mgonjwa anatumia vidonge vya sukari kama glibenclamide, au insulini, halafu unampa glasi za juisi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, anaweza hata kuzimia. Mjamzito aachane kabisa na hizi juisi na unga. Watoto nao wasipewe juisi wala chai yake. Mama yangu anaila kama mboga, na kliniki wanajua kwamba anaila, basi.

Majani yake pia anayo wakati mwingine, wazee wa Kyela wanachemsha kwa homa na minyoo. Kwa homa mimi naenda kupima malaria kwanza.

Mapungufu yapo. Benchi ni mbili tu, moshi wa kuni unakufuata popote utakapokaa, na ikifika saa saba na nusu usipa wameisha, unabaki na maharage ambayo ni ya kawaida tu. Chumvi. Siku akiwa na wateja wengi anasuuza haraka haraka na mboga inakuja imekolea, kwa mtu wa presha hiyo siyo salama, mwambie mapema asuuze mara mbili, hakasiriki. Halafu mwezi wa sita na wa saba mzigo unakuwa wa shida, unaweza kwenda ukamkuta na bamia tu, kwahiyo ukiwa unatoka mbali, tuseme Uyole au Mbalizi, bora umuagize mtu wa karibu aangalie kwanza.

Za nyumbani usiziweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, zinatoa jasho na kugeuka njano, zifunge kwenye gazeti uweke sehemu ya baridi na upike ndani ya siku tatu nne. Mama wa watu hafungui Jumapili, anaenda kanisani.