TAHADHARI: "Dawa ya santuri" inayouzwa Dar ni gundi ya seremala

Wenye santuri, hasa mliorithi za wazee, kaeni chonjo. Kuna jamaa anauza kwa WhatsApp chupa ya nusu lita isiyo na lebo, shilingi 35,000, anaiita "dawa ya Kijerumani". Unatuma hela kwanza, boda anakuletea. Video yake inashawishi: anamwaga kitu kama uji mweupe juu ya santuri, kesho yake anabandua utando mzima na vumbi lake.

Nililipa. Kufungua tu, harufu ikanipeleka kwa fundi makabati wa mtaani kwetu. Nikapaka vipande viwili vya mbao, asubuhi havikuachana.

Tusimsingizie lakini, gundi nyeupe ya mbao kweli husafisha santuri. Watu wanaitumia miaka mingi kwa kuwa haishiki kwenye vinili, ile plastiki ya santuri nyingi. Ikikauka inatoka na uchafu wa ndani ya mifereji. Ila hupakwa nzito, lebo ya katikati haiguswi, na huachwa mpaka ikauke kabisa. Ya huyu bwana imechakachuliwa kwa maji. Utando ukawa kama ganda la kitunguu, ukakatikakatika. Santuri yangu ya rumba nimeikwangua kwa kucha saa mbili nzima na sindano bado inaruka.

Hiyo ni nafuu. Kabla sijalipa nilimuuliza kama inafaa zile za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika. "Zote kaka, hata za babu yako." Jamani, 78 za zamani nyingi si vinili, ni shelaki, aina ya utomvu mgumu: nzito, ukiangusha inavunjika kama sahani. Shelaki na gundi hii havibanduani. Mimi nilimwamini, nikaipaka taarabu ya bibi yangu wa Tanga, na gundi ilipotoka ilitoka na uso wa santuri. Haikuwa ya Siti binti Saad, zile zilizoanza kurekodiwa Bombay 1928, lakini kwetu ndiyo pekee iliyokuwa imebaki.

Nikamtumia picha. Akajibu, "Hukufuata maelekezo." Maelekezo yapi, na chupa haikuja hata na kikaratasi? Kisha akanibloku.

Wiki iliyopita video ileile imerudi kwa namba nyingine na jina jingine, bei sasa 40,000. Mtamjua kwa kitambaa cha meza chenye maua mekundu. Kama umeshanunua, 78 zako usiziguse. Chupa mpe seremala.