TAHADHARI: Anapangisha vyumba na kuuza tiketi za Paris kwa Kiswahili, ametutapeli euro 830

Ndugu zangu mlioko Ulaya, hasa mnaopanga kwenda kutembea Paris msimu huu wa joto, naomba msimtumie mtu hela kabla hamjasoma haya. Kuna mtu anapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku, anajitambulisha kama wakala wa safari anayeishi Paris. Anapangisha vyumba vya siku chache na kuuza tiketi za vivutio. Sisi wanne ametutapeli euro 830. Jana jioni nimeona picha zilezile za chumba alizotutumia zimerushwa kwenye grupu jingine, safari hii nyumba inaitwa ya Barcelona, na watu wameshaanza kuuliza bei. Sikuweza kulala bila kuandika.

Tulikuwa mabinti wanne. Mimi na mwenzangu wa Tanga tunasomea uuguzi Köln, Ujerumani, wa tatu ni wa Mombasa, na wa nne ni dada yetu wa Bukavu, ambaye peke yake ndiye anajua Kifaransa. Waliopo kwenye zamu za hospitali wanajua ilivyo kazi kupata siku za mapumziko zinazoangukia pamoja. Ilituchukua miezi mitatu kupata Jumapili hadi Jumatano, kwa hiyo mtu alipojitokeza kutupangia kila kitu tulimpokea kwa mikono miwili.

"Karibuni Paris wadogo zangu, msihangaike, kaka yenu nipo." Ndivyo alivyoanza. Kiswahili chake safi kabisa, adabu tele, salamu asubuhi na jioni. Aliuliza hadi kama kuna kati yetu anayetaka migahawa ya halali. Bei yake: chumba cha watu wanne mtaa wa Montmartre, kulala siku tatu, euro 450. Tiketi za mnara wa Eiffel, makumbusho ya Louvre na kanisa la Notre-Dame, euro 95 kwa kichwa. Kwanza alitaka tulipe kwa PayPal kwa njia ya marafiki na familia, ile ambayo haina kinga yoyote kwa mnunuzi. Dada wa Mombasa akakataa. Akasema basi, tumeni benki.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Nilipoingiza namba ya akaunti, programu ya benki ilinitolea onyo kwamba jina nililoandika halilingani na jina la mwenye akaunti. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zinalazimika kulinganisha jina na akaunti kabla hujathibitisha malipo. Nikalipiga picha onyo lile, nikamtumia. Haikupita dakika akajibu: "Ni akaunti ya ofisi ya mke wangu, bonyeza endelea tu." Akaunti yenyewe ilianza na LT, yaani ya Lithuania, na yeye anadai ofisi iko Paris. Nikabonyeza endelea. Hela za uhamisho wa papo hapo zinafika ndani ya sekunde kumi. Baadaye benki iliniambia kwamba kwa kuwa nilionywa nikaendelea mwenyewe, wao hawalipi. Walituma ombi la kurudishiwa, wakakuta akaunti imeshakaushwa.

Tulishuka kituo cha mabasi cha Bercy, Paris, alfajiri ya Jumapili kwa basi la usiku, tukapanda metro na mabegi yetu hadi mtaa aliotuelekeza. Jengo lipo. Mlangoni kuna kile kidude cha kubonyeza namba za siri, tukabonyeza alizotupa, taa nyekundu. Tukarudia mara tano. Tukampigia, haipokelewi. Tukamwandikia, ikabaki tiki moja. Akatoka mama mmoja mtu mzima na kapu la soko. Dada wa Bukavu akamweleza, akamwonyesha picha za chumba kwenye simu. Yule mama aliziangalia kwa muda, akainamisha macho, kisha akatuonyesha ukuta wa jengo kwa kidole. Picha ina kibaraza chenye vyungu vya maua. Jengo lile upande wa barabarani halina hata kibaraza kimoja. Mwenzangu wa Tanga alikaa juu ya begi lake palepale akalia, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshawishi aje.

Tulipata vitanda hosteli, kwa hela nyingine. Mhudumu wa mapokezi ndiye aliyetufumbua macho. Mjini Paris tangazo la chumba cha kupangisha wageni kwa siku chache linatakiwa kuwa na namba ya usajili. Mwombe mtu namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Sisi hatukuijua, na wala huyo wakala hakuitaja. Kisha mhudumu akatazama tiketi zetu za Louvre, akauliza, "Jumanne?" Louvre hufungwa kila Jumanne. Tapeli hata hilo hakulitazama.

Notre-Dame ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Kanisa liliungua Aprili 2019 na likafunguliwa tena Desemba 2024. Kuingia ni bure! Unaweza kuhifadhi nafasi mtandaoni bila kulipa, au ukapanga foleni tu ukaingia. Kulipia ni kupanda minara au kuona hazina ya kanisa. Yeye alitutoza euro 20 kila mmoja kwa kuingia. Mlinzi wa mlangoni alikataa hata kuishika karatasi yetu, akatupungia mkono tupite kama watu wengine wote.

Pale Eiffel mashine ilikataa tiketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yule kijana wa kukagua akaziweka karatasi zote nne kwenye meza, akazipanga kwa safu, akatuita tusogee. Vile vimraba vyeusi vya kuskani vilikuwa ni kimoja, kimenakiliwa mara nne. Tukanunua tiketi za ngazi palepale, za halali, tukapanda vidato 674 hadi ghorofa ya pili. Upepo ulikuwa mkali na mto Seine ulikuwa unang'aa chini yetu. Hilo hakutunyang'anya. Lakini jamani, tiketi za lifti za mnara ule zinauzwa kwenye tovuti ya mnara wenyewe, na zinafunguliwa siku 60 kabla. Nunueni huko.

Matapeli wa mitaani mtawakuta pia: wanaokufunga uzi mkononi chini ya kanisa la Sacré-Cœur, wanaokuomba saini huku mwenzao anapekua mkoba, wanaochezesha kamari ya vikombe karibu na mnara. Hao unawakwepa kwa kutia mikono mfukoni na kutembea. Huyu wa kwetu ni mbaya zaidi, kwa kuwa anakuingia kwa lugha ya nyumbani, na mtu aliye ugenini akisikia "wadogo zangu" moyo unalegea.

Kama umeshamlipa, piga simu benki usiku huuhuu, usingoje kesho, wakati mwingine hela bado haijatolewa upande wa pili. Halafu ripoti polisi. Ujerumani unaweza kufanya mtandaoni kwenye kituo cha polisi cha jimbo lako. Watataka risiti, namba ya akaunti na mazungumzo yote, kwa hiyo usifute chochote. Mwenzetu mmoja kwa hasira alifuta yake, na ndiyo yaliyokuwa na ujumbe wa sauti tapeli aliotutumia.

Namba yake ya simu anaibadilisha na jina pia, ndiyo maana siyaweki hapa. Picha ndizo hazibadilishi. Kitanda cha mbao, pazia jekundu lililofungwa upande mmoja, mlango wa kioo unaotoka kibarazani, vyungu vitatu vya maua, na kitini kona ya kushoto amelala paka mweupe. Kwenye picha za jana za Barcelona, paka yupo palepale.