Ujumbe Mfupi kwa Aliyeumia Ubongo: Tathmini Baada ya Miezi Mitano

Mdogo wangu aliumia kichwa katika ajali ya bodaboda hapa Dar es Salaam. Jeraha la nje lilipona, lakini hasira za ghafla, machozi asiyoweza kuyaeleza na uchovu unaomwangusha kabla ya adhuhuri vilibaki, wala siku ya kuruhusiwa kutoka wodini hakuna aliyetutahadharisha kwamba jeraha la ubongo linaweza kuleta hayo yote. Kwa hiyo kliniki anakofanyia mazoezi ya viungo ilipotueleza kuwa ina huduma ya kumtumia mgonjwa ujumbe wa kumtia moyo mara tatu kwa wiki, bila malipo, tulijiandikisha siku hiyohiyo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba maneno yanabaki. Ushauri wa mdomo humtoka kabla hatujafika kituo cha daladala, ilhali ujumbe unakaa kwenye kitochi chake, hauhitaji intaneti, naye anaurudia kila anapouhitaji. Mmoja ulisema: "Ukichoka mapema leo, huo si uvivu. Ubongo unaopona hutumia nguvu nyingi." Aliusoma mara mbili, kisha akamnyooshea wifi yangu simu bila kusema neno. Tangu siku hiyo hakuna tena anayemnung'unikia nyumbani kwa kulala mchana, jambo ambalo mimi dada yake nilikuwa nimelipigania kwa wiki kadhaa bila mafanikio.

Kasoro ndogo ni urefu. Ujumbe mmoja hubeba herufi na nafasi 160 tu, na maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo mara mbili ujumbe ulikatika vipande na cha pili kikatangulia. "Dada, hata kusoma nimeshindwa," aliniambia, akaiweka simu kifudifudi.

Kasoro kubwa ni kwamba huduma hii haipokei majibu. Usiku mmoja aliandika, "Nimechoka kuishi hivi," akatuma, akasubiri. Nilikuta maneno hayo asubuhi kwenye simu yake, tukampeleka kwa mshauri wa afya ya akili siku hiyohiyo. Nchini Uingereza, huduma ya NeuroPage, iliyowakumbusha watu wenye matatizo ya kumbukumbu dawa na miadi yao, ilipimwa kwa watu 143 na matokeo yakachapishwa mwaka 2001: zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza majaribio walizitimiza vizuri zaidi shughuli zao za kila siku. Kikumbusho cha kidonge hakihitaji mazungumzo. Lakini anayemuuliza mtu "Unajisikiaje leo?" lazima awepo kulipokea jibu.

Nimeiandikia kliniki kuomba namba inayojibiwa na mhudumu, hata kama ni saa chache kwa siku. Familia nyingine nazishauri zijiandikishe, ila mgonjwa asiachiwe simu peke yake: kila jioni mimi na mdogo wangu tunausoma ujumbe pamoja, na yale ambayo angeyaandika usiku, sasa ananiambia.