TAHADHARI: Skati za "kifundo laini" zinazouzwa mtandaoni, tafadhali msinunue

Wazazi na vijana wa Nairobi, na yeyote anayetafuta viatu vya magurudumu kabla ya likizo, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayezunguka Facebook, TikTok na makundi ya WhatsApp ya mitaani akiuza skati za magurudumu ya mstari mmoja, za watoto na za watu wazima, kwa shilingi 4,500 hadi 6,000. Anaziita za "kifundo laini" na anadai zimeundwa zinyumbuke pamoja na mguu ili mtoto asiumie. Viatu hivyo havishiki kifundo hata kidogo. Nimeviona miguuni mwa watoto ninaowafunza Jumapili pale Sunken Car Park, katikati ya jiji, nimevifungua kwa mikono yangu, na sitaki mtoto mwingine avivae.

Ukurasa wenyewe siutaji kwa sababu jina linabadilika kila mara, picha zinabaki zilezile. Mtamjua kwa mtindo wake. Anakuonyesha kiatu kigumu chenye shingo ndefu, bizimu imara na fremu ya alumini inayoshika magurudumu, picha safi iliyochukuliwa kwenye tovuti ya kampuni fulani ya nje. Chini yake ameandika beringi, yaani zile gololi zinazozungusha gurudumu, ni "ABEC 11". Hapo peke yake pangetosha kumshtua mtu, kwa sababu kipimo cha ABEC kina daraja 1, 3, 5, 7 na 9, basi. Tena kinapima tu usahihi wa vipimo vya beringi, hakisemi lolote kuhusu uimara wa kiatu. Malipo anayataka yote mbele, kwa namba ya mtu binafsi. Duka analo "CBD", lakini ukisema unakuja kuona, siku hiyo wanahesabu bidhaa. Mzigo unaletwa na kijana wa bodaboda asiyejua lolote, umezungushiwa nailoni, na ukilalamika unajibiwa kwamba muundo unaweza kutofautiana kidogo na picha.

Huo utofauti mdogo ndio huu. Chukua kiatu, tazama ubavuni usawa wa lile fupa linalochomoza kwenye kifundo. Kwenye kiatu cha maana pale pana ribiti au skrubu inayounganisha vipande viwili: gamba la chini linaloshika wayo na kisigino, na shingo inayozunguka muundi. Hapo ndipo kiatu kinapokunjika, kama bawaba ya mlango inavyoruhusu mlango kwenda upande mmoja tu. Kwenye viatu vya huyu jamaa pale pana kitufe cha mviringo kilichopakwa rangi ya fedha. Nilikikwaruza kwa ncha ya kisu, rangi ikabanduka, na chini yake ni plastiki nyeusi ileile iliyomiminwa pamoja na gamba. Hakuna ribiti. Nikaingiza mkono ndani kutafuta kichwa cha skrubu, nikakuta sponji iliyogundishwa. Shingo yenyewe ni kitambaa kilichoshonewa sponji, na juu yake kimebandikwa kipande cha plastiki cha urembo unachoweza kukikunja kwa vidole viwili. Bizimu imeshikizwa kwenye hicho kitambaa. Ukiikaza, unakaza kitambaa. Mguu unabaki unacheza ndani vilevile.

Kwa nini napiga kelele hivi kwa ajili ya ribiti moja? Kifundo cha mguu kina viungo viwili vyenye kazi tofauti. Cha juu kinainua na kushusha wayo. Kilicho chini yake kinaugeuza wayo ndani na nje. Ukitembea kwa raba unavitumia vyote na ardhi pana iliyo chini yako inakusaidia. Ukipanda juu ya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, unasimama kwenye ukanda mwembamba sana wa mpira, na kama magurudumu ni ya milimita 80 basi wayo uko zaidi ya sentimita nane juu ya lami. Kadiri wayo unavyokuwa juu, ndivyo kuegemea kidogo tu pembeni kunavyokipinda kifundo kwa nguvu. Kwa hiyo kiatu kinatakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kukizuia kifundo kisilale kushoto wala kulia, na kuuachia muundi uiname mbele. Kunyumbuka kunatakiwa mbele. Goti likikunjwa mpaka muundi ukagusa ulimi wa kiatu, uzito unakaa katikati ya magurudumu, na hapo ndipo mtoto anaweza kusukuma, kukata kona na kufunga breki. Kiatu kinacholegea pande zote hakinyumbuki, kimelegea tu, na huyu muuzaji anauza ulegevu kwa jina la unyumbufu.

Sasa sikieni sehemu iliyonikera zaidi. Kuna msichana wa gredi ya nne kwenye kundi letu. Alikuja na skati hizi mpya, magurudumu yamelala ndani, magoti yanakaribia kugongana, na mpira wa kila gurudumu umelika upande wa ndani tu. Alikuwa analalamika maumivu upande wa ndani wa kifundo. Mama yake alishampigia muuzaji, akajibiwa kwamba mtoto ana "miguu dhaifu" na anahitaji bandeji maalumu ya kifundo, shilingi 1,200 kila mguu. Akanunua. Bandeji ya kunyoosha haiwezi kufanya kazi ya shingo ya kiatu. Ilichofanya ni kujaza nafasi na kumbana mtoto mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimvalisha skati za akiba za kundi, kuukuu lakini za shingo ngumu, nikazikaza kuanzia kisigino, na akasimama wima palepale. Miguu ya mtoto haikuwa na kasoro. Muuzaji amekula pesa za mama huyo mara mbili, na juu ya hayo akamfanya mtoto aamini kwamba mwili wake ndio mbovu.

Niseme ukweli wote: anayeanza huwa na misuli isiyozoea, na hata kwenye kiatu kizuri miguu yake hulala ndani kidogo. Kiatu kikubwa kupita kiasi huleta shida hiyohiyo, na sisi wazazi tunaipenda sana ile ya "atakua nacho". Skati za kurefushwa ni halali na nyingine ni nzuri, ila nyingi hurefuka upande wa vidole. Pale kwenye kifundo hapabadiliki sana. Mtoto mwembamba akielea pale, ataelea mpaka atakapojaza. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, mpime mtoto yuleyule kwenye kiatu kingine kinachomkaa. Akisimama wima, jibu umelipata.

Ukimbana muuzaji, ana jibu tayari: "Mbona mabingwa wa mbio wanavaa viatu vifupi visivyofika hata kwenye kifundo?" Wanavaa, ndiyo. Viatu vya mbio hukatwa chini makusudi ili kifundo kiwe huru kusukuma kwa nguvu, lakini sehemu ya chini ni kaboni ngumu iliyofinyangwa kufuata mguu wa mwenyewe, kisigino hakisogei, na anayevivaa amejenga vifundo kwa miaka. Ufupi wa kiatu si ulaini wa kiatu. Wa upande wa mitindo na slalomu, wale wanaopinda katikati ya koni, wanataka shingo ngumu sana. Wale wa kuruka na kuteleza kwenye vyuma hutaka gamba gumu lenye shingo inayoinama zaidi. Kila mchezo una mizani yake, ila katika hiyo yote hakuna unaotaka kitambaa na sponji. Hata Scott na Brennan Olson wa Minneapolis, walioanza kuunda skati za kisasa za mstari mmoja kwenye mwaka 1980, walifunga magurudumu chini ya viatu vya hoki ya barafuni, ambavyo tayari vilikuwa na ugumu wa kushika kifundo.

Msiende pia upande wa pili na kununua kiatu kigumu kama gogo. Shingo isiyoinama mbele inamlazimisha mtu asimame wima na magoti yamenyooka, uzito unarudi kisiginoni, na mtu anaanguka kinyumenyume akitanguliza makalio na viganja.

Jambo jingine linawahusu watu wazima. Ulaya kuna kiwango cha usalama cha skati za mstari mmoja, EN 13843. Kinazigawa mara mbili: daraja A kwa mtu wa kilo 20 hadi 100, na daraja B kwa kilo 20 hadi 60. Kijana mmoja wa Kayole mwenye kilo 80 na ushei aliletewa na huyuhuyu muuzaji jozi ambayo boksi lake limeandikwa B. Fremu ni ya plastiki, imepigwa ribiti moja kwa moja kwenye wayo. Akisukuma, unaiona kwa macho ikijisokota. Na kwa kuwa imepigwa ribiti, huwezi kuisogeza. Fremu ya kufunga kwa skrubu huwa na nafasi ya kusogea kidogo kulia au kushoto, na mtu ambaye miguu yake inalala ndani anaweza kusaidika sana kwa kuisogeza ndani milimita chache tu.

Wengi wameniuliza kama basi wanunue mitumba kwenye masoko ya Gikomba au Toi. Binafsi ningechukua skati iliyotumika ya kampuni inayojulikana kabla ya hivi vipya. Ila chunguzeni umri. Poliyurethani, ile inayotumika kwenye magurudumu na kwenye baadhi ya magamba na sponji, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa hakijavaliwa, kimekaa tu stoo. Bonyeza gurudumu kwa kucha: likimeguka au likinata, achana nalo. Sponji ya ndani ikitoa vumbi, vivyo hivyo. Gamba lenye nyufa nyembamba kuzunguka ribiti usilichukue hata kwa bure, maana hapo ndipo litakapopasukia.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji yeyote akutumie video, si picha. Aweke kiatu mezani, akifunge bizimu zote, ashike shingo aisukume pembeni, kisha aisukume mbele. Pembeni ikatae, mbele ikubali na kurudi. Aonyeshe ribiti kwa nje, kisha avute soksi ya ndani, ile bitana nene ya sponji, aonyeshe upande wake wa pili. Aonyeshe pia mshipi unaokatiza mshazari mbele ya kifundo, maana huo ndio unaokizuia kisigino kisinyanyuke. Muuzaji mwaminifu ni kazi ya dakika moja kwake. Huyu ninayemzungumzia aliombwa na mzazi mmoja wa kundi letu, akamjibu kwamba hana muda wa wateja wasio makini, kisha akamzuia WhatsApp.

Kiatu kikifika, usimwachie bodaboda aondoke kabla hujafungua. Mvalishe mtoto na soksi nyembamba, mgongeshe kisigino chini kwanza ndipo ukaze. Asimame, akunje magoti. Kisigino kisinyanyuke, vidole viguse mbele kidogo akiwa amenyooka na virudi nyuma akiinama. Wewe zunguka nyuma yake, chuchumaa, tazama magurudumu. Yakiwa yamelala wakati amesimama tu nyumbani, barabarani yatalala zaidi.

Kama mmeshatuma pesa, hifadhini ujumbe wa M-Pesa, picha za tangazo na mazungumzo yote kabla hajafuta. Namba 456 ya Safaricom ni ya kuomba kurudishiwa pesa iliyokwenda mahali pasipo sahihi, kwa hiyo msiitegemee kama kinga ya mnunuzi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kudanganya kuhusu ubora na kiwango cha bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Wazazi wawili wa kundi letu tayari wameandika. Tukiwa wengi, wenye picha zilezile na namba zilezile za kulipia, malalamiko yetu yatakuwa na uzito zaidi.

Watoto walio na viatu hivi waacheni wavivue kwanza, hasa wale wanaoanza kushuka mteremko. Sisi tuna skati chache za kuazima, si za saizi zote, lakini tutagawana kwa zamu. Jozi moja mzazi aliniachia, nimeipasua katikati na msumeno ili kila mtu aone ilivyo ndani. Jumapili nitakuwa nayo pale Sunken Car Park kuanzia saa nane mchana. Njooni na za kwenu, tuzitazame pamoja.