Valpolicella: nililipia mvinyo, nikawekewa maji

Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, nendeni. Hata kama ni kuvunja kibubu, vunjeni muende. Vilima vya mizabibu vya Valpolicella, jirani na ziwa hilo, pia nendeni. Ila kuna kiwanda kimoja cha mvinyo huko, nilichopelekwa na marafiki zangu msimu wa mavuno uliopita, ambacho mtu mweusi akiingia huhesabiwa mtumishi kabla hajafungua kinywa. Wenyewe wakisoma haya watajijua, na nawaandikia wao kwanza.

Mimi si mgeni wa mvinyo. Nimefanya kazi ya mezani katika hoteli za Watamu miaka na miaka, na wageni wetu wengi kule ni Waitaliano. Kiitaliano changu nilikiokota humo humo kazini, kama vijana wengi wa Malindi na Watamu. Nimefungua chupa hadi vidole vikaota sugu, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba kila aliyeketi mezani ni mgeni: humpimi kwa nguo wala kwa rangi, unammiminia. Familia hii nilijuana nayo huko. Walikuwa wakija kila Desemba kukimbia baridi ya Verona: mama mzee, binti yake ambaye ndiye rafiki yangu, na mumewe, shemeji yangu. Wao huniita dada. Yule mzee mimi humwita mama, naye huitikia. Waliponialika kwao viza ilinitoa jasho, lakini hayo tuyaache.

Nyumba yao iko upande wa Bardolino, na ukisimama dirishani unaliona ziwa. Garda ndilo ziwa kubwa kuliko yote Italia, kilomita za mraba kama 370. Kwa aliyeona Viktoria ni dogo, lakini Viktoria halina ile milima inayolibana kutoka huku na huku kule kaskazini, kisha kusini maji yanafunguka na kuwa mapana. Sisi wa pwani tumezoea kaskazi na kusi kugawana mwaka. Wenzetu pepo zao hugawana siku: asubuhi huvuma Pelér kutoka kaskazini, jua likishapita utosini inageuka Ora kutoka kusini, na vijana wa tanga wanazisubiri saa zao bila kukosea. Mama alinieleza yote haya kwa kidole tu, akionyesha majani ya mzeituni yalivyopinduka.

Tulipanda meli hadi Malcesine, tukapanda Monte Baldo kwa kile kibanda kinachovutwa na waya, ambacho huzunguka polepole kikipanda ili kila mtu aone pande zote. Kule Limone niliona mashamba ya zamani ya malimau: nguzo ndefu za mawe zimejipanga kwenye ngazi za mlima, na wakati wa baridi zilikuwa zinafunikwa kwa mbao na vioo ili miti isife. Malimau na zeituni chini ya milima ya Alpi, kwa sababu ziwa linahifadhi joto. Jioni tulikula lavarello, samaki wa ziwani, wa kuchoma, na polenta, ugali wao wa mahindi, mama akinitolea miiba kama mwanawe. Hayo ndiyo ninayotaka kuyakumbuka, lakini kila nikiyakumbuka yule kijana ananijia.

Basi siku hiyo. Shemeji alikuwa amelipia nafasi za watu wanne mtandaoni. Mama nyonga zinamsumbua, kwa hiyo safari ndefu huenda kwa kiti cha magurudumu, na rafiki yangu na mumewe walipokuwa wakitafuta pa kuegesha gari, mimi nikamsukuma mama hadi mlangoni. Akatoka kijana wa koti safi. Akatazama juu ya kichwa cha mama, akaniuliza mimi kama bibi anasikia. Mama alikuwa anamtazama usoni! Kisha akasema badante anaweza kusubiri na bibi uani, kuna kivuli. Badante ni mwanamke anayeajiriwa kukaa na mzee nyumbani. Ni kazi ya heshima, na nina ndugu zangu wanaoifanya. Lakini hakuniuliza. Aliniona, akamaliza. Nilimjibu kwa Kiitaliano, polepole, kwamba tumelipiwa watu wanne na mimi ni mmoja wao. Akatabasamu, kama mtu aliyesikia mtoto akisoma shairi.

Wenzetu walipofika alibadilika akawa asali, tukapandishwa na lifti ya mizigo hadi dari ambapo zabibu hukaushwa kwa ajili ya Amarone, mvinyo mwekundu mzito wa huko. Hapa lazima niseme kweli: sijawahi kuona kitu kama kile. Kreti juu ya kreti, za Corvina, Corvinone na Rondinella, vishada vimelazwa tabaka moja tu visigandamizane, madirisha wazi, na harufu nzito tamu inayokushika koo. Hukaa hivyo miezi mitatu hadi minne, zinapungua uzito kwa theluthi na zaidi, kisha ndipo hukamuliwa. Niliuliza mvua ikinyesha siku mfululizo wanafanyaje zisiote kuvu. Swali la mtu wa kazi. Akamjibu shemeji! Alimgeukia yeye, akaeleza vizuri sana, kwamba wanachuma vishada vilivyoachana tu ili hewa ipite kati ya punje, na unyevu ukizidi wanawasha feni. Jibu zuri, na ningelipokea kwa furaha kama lingeletwa upande wangu.

Mezani mama, rafiki yangu na shemeji kila mmoja alikuwa na glasi tatu. Mbele yangu palikuwa na glasi moja, ya maji. Akamimina Valpolicella ya kawaida, akapita nyuma ya kiti changu. Akamimina Ripasso, ile inayochachushwa tena juu ya makapi ya Amarone, akapita tena. Nilingoja Amarone nikijiambia labda amesahau, ni msimu wa mavuno, watu wamechoka, hata mimi nimewahi kuona mhudumu akiruka kiti chumba kikijaa. Akapita mara ya tatu. Chumba kile tulikuwa peke yetu.

Mama akaisukuma glasi yake hadi kwangu. "Kunywa, binti yangu." Nikanywa. Na ilikuwa kubwa, jamani. Cheri zilizokauka, kakao, halafu uchungu kidogo mwishoni unaosafisha ulimi, na moto wake unashuka taratibu hadi kifuani. Kwa ile glasi peke yake ningewapa nyota tano nikiwa nimefumba macho. Ndipo yule kijana akainama kwa mama na kumwambia, mimi nikisikia, kwamba ile ni kali mno kwa huyu.

Nilimwambia kwamba hiyo Amarone nimewamiminia watu wa kwenu kwa miaka, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza ni mtumishi wa nani. Shemeji akanigusa mkono, akasema, "Dada, usijali, hawa ndivyo walivyo." Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu shemeji ni mtu mwema, na alitaka ninyamaze ili mchana usiharibike. Mchana wa nani? Mama ndiye aliyepiga meza kwa kiganja na kusema tunaondoka.

Siku ya pili mama alitupeleka yeye, kwa mwanamke mmoja mwenye shamba dogo karibu na ziwa, mikono yake bado ina udongo. Alimmiminia mama kwanza, kisha mimi kwa kuwa nimetoka mbali, Chiaretto, mvinyo wa rangi ya waridi, wa baridi, mwepesi. Akaniuliza samaki gani wa kwetu angefaa nayo. Nikamwambia changu wa kuchoma. Amarone haifikii, ile Chiaretto, mtu asinielewe vibaya. Lakini ndiyo niliyonunua kwa pesa yangu.

Sasa ile Amarone. Nilikuwa nimeanza kuwapa nyota mbili, kwa ajili ya ile dari na ule mvinyo, nikazifuta. Aliyeulea mvinyo ule hadi ukawa vile pengine hata hajui mlangoni kwake anasimama nani, na namhurumia, ila nyota sirudishi. Risiti ninayo: kuonja aina tatu, watu wanne. Nilipoomba yangu iondolewe, mwenye mashine ya malipo alisema mfumo unahesabu walioandikishwa. Basi nirudishieni. Na barua ya kuomba radhi iandikwe kwa mama, kwa jina lake, si kwangu, kwa sababu yeye alichuma zabibu katika vilima hivyo kabla baba wa kijana wenu hajazaliwa, na anasikia vizuri.