Mashindano ya Sayansi ya Shule za Msingi Mombasa: Meza za Majaribio na Meza za Maonyesho

Mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 6 yaliyofanyika Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa shule moja hapa kisiwani Mombasa yalikuwa na sehemu mbili, na sehemu hizo hazikulingana hata kidogo kwa ubora. Majaribio ya papo kwa papo, ambayo mtoto alipewa vifaa na swali palepale mezani, yaliandaliwa kwa ustadi mkubwa. Maonyesho ya miradi iliyotengenezewa nyumbani yanahitaji kupangwa upya. Nilihudhuria nikiwa mzazi wa mshiriki wa Gredi ya 5. Ada ilikuwa shilingi 500 kwa kila mtoto, pamoja na vifaa na chakula cha mchana, nami naiona kuwa ada ya haki.

Yafaa ifahamike kwamba mashindano makubwa ya sayansi nchini, kama vile Young Scientists Kenya yaliyoanza mwaka wa 2018, huwalenga wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi mwenye hamu ya kuuliza na kupima ana nafasi chache za kushindana. Waandaaji wa hapa waliazima mtindo wa Science Olympiad ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1984, ambamo timu ya shule hugawana matukio mbalimbali, mengine ya maabara, mengine ya kujenga na mengine ya kujibu maswali.

Tukio lililonivutia zaidi ni lile la unga usiojulikana. Kila jozi ya watoto ilipewa vikombe vyenye vitu vyeupe vinavyofanana: chumvi, sukari, wanga wa mahindi, soda ya kuokea na bekin pauda, pamoja na maji, siki, iodini na lenzi. Kuonja kulikatazwa kabisa, na majaji walisimamia katazo hilo kwa uthabiti, jambo ninalowapongeza. Wanga ulitambulika upesi kwa kugeuka rangi ya buluu iliyoiva karibu na nyeusi ulipodondoshewa iodini, na soda ya kuokea ilitoa povu ilipokutana na siki. Ugumu ulikuwa kwenye bekin pauda, ambayo hutoa povu hata kwa maji matupu, kwa kuwa tayari imechanganywa na asidi kavu, na pia hugeuka nyeusi kwa iodini, kwa kuwa huwa na wanga ndani yake. Watoto wengi waliandika kwamba kikombe kile kilikuwa na vitu viwili vilivyochanganywa. Majaji waliwapa alama kwa hoja hiyo badala ya kuwakata kwa kukosa jina, na kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa uamuzi bora wa siku nzima. Chumvi na sukari zilitenganishwa kwa lenzi, kwani chembe za chumvi ya mezani zina umbo la mchemraba. Wazazi watakaokuja mwakani wawavalishe watoto nguo za kazi, maana iodini hutia madoa na aproni hazikutosha.

Tukio la chombo cha foili nalo lilikuwa zuri, na mtoto wa Mombasa, anayeona vyombo vikipakiwa na kupakuliwa kila siku, ana haki ya kulipenda. Kila timu ilikunja karatasi ya foili ya sentimita 30 kwa 30 kuwa chombo cha kuelea majini, kisha ikapanga sarafu ndani yake hadi kizame. Hesabu yake inavutia. Kingo zikikunjwa kwa kimo cha sentimita 5, chombo huwa na ujazo wa lita 2 na kinaweza kubeba uzito unaokaribia kilo 2. Zikikunjwa kwa kimo cha sentimita 10, ujazo hushuka hadi lita 1, ingawa kwa macho chombo kile kirefu huonekana ndicho imara. Timu kadhaa zilizama mapema kwa kurundika sarafu upande mmoja. Tukio la kujenga mnara kwa mirija ya kunywea lilikwenda vizuri pia, ila feni zilizimwa ili upepo usiiangushe minara, na joto la ukumbi likawa la kuchosha.

Kwenye meza za maonyesho hali ilikuwa nyingine. Niliona milima ya volkano iliyopakwa rangi kwa ufundi wa mtu mzima, yenye taa za kununua, na watoto waliosimama kando yake walishindwa kueleza kwa nini siki na soda hutoa povu. Kazi ya namna hiyo ni onyesho tu. Haina swali, haina kipimo, na haina jambo lililobadilishwa ili kuona matokeo yake. Hata hivyo, zawadi ya kwanza ilikwenda huko. Meza iliyostahili ilikuwa ya timu moja kutoka Likoni, ambayo ilipima kina cha maji ya bahari kwa kijiti chenye alama na kuchora chati ya mwezi mzima. Chati hiyo ilionyesha kwamba maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yakiangukia katikati. Walikuwa wamewauliza wavuvi kwanza, kisha wakapima wenyewe kuthibitisha walichoambiwa. Karatasi yao ilikuwa na makunyanzi na rangi moja tu, na nasikitika kwamba hilo liliwagharimu alama.

Timu hiyohiyo iliponzwa pia na lugha. Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4, na jaji wa kwanza aliwahoji kwa lugha hiyo, wakajibu kwa neno mojamoja. Alipokuja jaji wa pili, mama wa makamo, akamwambia msemaji wao, “Haya mwanangu, nieleze kwa Kiswahili, mlijuaje kwamba ni mwezi?”, yule binti alieleza bila kusita hadi jaji akavuta kiti. Waandaaji waruhusu lugha zote mbili kwa maandishi katika kanuni zao, lisiwe jambo la kutegemea huruma ya jaji.

Yapo na madogo ya kurekebisha. Kuanza saa mbili kamili asubuhi kunawaumiza wanaovuka kwa feri, na karatasi za alama hazikurudishwa kwa timu, hivyo mwalimu hana la kufanyia kazi na wanafunzi wake. Usajili hupitia shuleni, na mzazi anayeweza kuchagua amwandikishe mwanawe katika unga usiojulikana au chombo cha foili. Maonyesho ningeyaacha hadi majaji watakapoanza kumwomba kila mtoto daftari la vipimo vyake kabla ya kuitazama meza yake.